Kamba ya Ndama

Kamba ilikuwa ya ngozi, ile waliyofungia ndama enzi walipokuwa na ndama. Kila asubuhi Luciana aliifunga kwenye mkono wa mama mkwe wake, akaukaza mwisho wa pili kwenye nguzo ya nyumba, ndipo akabeba jembe kwenda shamba la kijiji. Majirani aliwaambia bibi hapendi jua.

Walikuwa na mwaka mmoja katika kijiji cha Ujamaa. Huko walikotoka, mgambo walibomoa paa la udongo la nyumba yao ya tembe ili mtu asirudi. Bibi Lea alirudi. Mara tatu alitoroka kwenda kuwafungulia ng'ombe, na mara ya tatu walimpata baada ya siku mbili, amejikunyata kwenye magofu, nyayo za fisi zimemzunguka. Mganga wa zahanati alimtazama macho, akasema huo ni uzee, na uzee hauna dawa. Majirani walisema karogwa. Mughwai, mwanawe, alileta kamba akaitupa miguuni pa mkewe, kisha akatoka. Wanaume wa ukoo ule ni hodari wa kuleta vitu.

Siku moja Luciana aliwahi kurudi. Alimkuta bibi amelowa mkojo, mkono umechubuka hadi damu, anaitazama kamba kwa huruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni binti wa nani?"

"Ni mimi, mama. Luciana, mke wa Mughwai."

"Simjui huyo." Bibi alishusha sauti. "Mwanangu, mfungue huyu ndama. Mama yake amesharudi machungani, anamlilia."

Luciana alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia. Alimfungua, akamwogesha, akampaka samli kwenye kidonda. Mumewe aliporudi alimwambia, "Kesho siendi shambani. Mjumbe akitaka kuniandika mtoro, na aniandike." Kamba akaichomeka juu kabisa darini.

Asubuhi alikoroga uji wa uwele, akaketi mbele ya mama mkwe wake, mikono mitupu. Bibi Lea hakuugusa uji. Alikuwa amesahau jina la mumewe, sura ya mwanawe, na kwamba ng'ombe walikwisha. Alisogea taratibu hadi kwenye nguzo, akaketi chini, akanyoosha mkono wenye kidonda, akangoja.