Mahindi Mlimani

Uliona, ukageuza uso. Usiniambie hukuwepo. Jumapili ile kanisani Auburn, wakati wa matangazo, Mama Faida alisimama na goti lake lililovimba akauliza kama yupo mtu mwenye gari wa kumpeleka kwenye theluji kabla msimu haujakwisha. Watu wazima wote mle ndani wakaanza kutafuta kitu kwenye mikoba. Wewe ulijifanya unamfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto alikuwa amevaa kandambili.

Mimi sisahau. Nakumbuka na mwaka juzi alipouliza mara ya kwanza, tukamwambia mwakani, mama, mwakani. Mwakani ilipofika tukasema theluji ni chache. Tunaijua Sydney kwa vituo vya treni: cha nyumbani na cha kazini, basi. Mtu wetu anaweza kusukuma kiti cha magurudumu cha mzee wa watu miaka na miaka, akasikia habari za likizo zote za mzee huyo tangu ujana, na yeye mwenyewe asijue nchi inakwendaje baada ya kituo cha Liverpool.

Safari hii hapakuwa na kuahirisha. Novemba daktari anambadilishia Mama Faida goti, na ameshamwambia waziwazi: goti jipya ni la kutembelea, si la kutelezea. Asipokanyaga mbao za skii mwaka huu, ndiyo basi tena.

Wala si mambo ya kutaka picha za simu. Faida, ambaye "Mama" tunamwita kwa heshima tu, alizaliwa Mutwanga, Kongo, chini ya mlima Ruwenzori. Asubuhi mawingu yakipasuka, aliiona barafu kule juu, nyeupe pe, juu ya migomba ya mama yake. Baba yake alibeba mizigo ya wazungu mpaka ilipo, akarudi na vidole viwili vya mguu vimekufa. Wazungu walipiga picha kileleni. Yeye hayumo, maana walimwacha chini ya kilele alinde sufuria. Binti alipoomba kwenda, akaambiwa mlima si wa wanawake. Kwa hiyo mwanamke huyu alikaa chini ya theluji utoto wake wote bila kuigusa, vita vikamfukuza, akaja kuangukia nchi nyingine yenye theluji, na sisi tunafunga kamba za kandambili.

Mchana wa Jumapili hiyo hiyo tulikuwa uani kwa Juvénal Ntakirutimana. Juvénal ni Mrundi, ana gari la viti saba, na mwenye gari ndiye bunge. Mkewe Concilie alikuwa anageuza mishikaki. Alikuwepo Nkatha, Mkenya anayefanya kazi na Faida kwenye nyumba ya wazee. Faida mwenyewe alikuwa ameweka mguu juu ya kreti la soda. Na mimi.

"Saa sita kwenda, saa sita kurudi," Juvénal akasema. "Na Oktoba hiyo inabisha hodi, baridi ya huku inaisha. Jua hili mnaliona? Tutafika tukute matope. Nitawaambia nini watu?"

"Utawaambia umeona matope," nikasema.

"Balagizi, usianze. Wewe huna gari, una mdomo."

"Mdomo hauli mafuta, kaka."

"Si mpige simu tu?" Nkatha akasema. "Wako na namba hao watu wa mlima. Mnabishana na nani?"

Juvénal akapiga, akaweka spika ili tushuhudie Kiingereza chake. Akauliza kama theluji bado ipo. Kijana wa upande wa pili alikuwa mchangamfu, akajibu mbiombio kwa ile lafudhi ya hapa ya kumeza maneno, na katika yote aliyosema neno moja likatoka zima, tena mara tatu: corn. Asubuhi ni ngumu, lakini kufika saa nne, corn. Mlima mzima corn. Nzuri ajabu! Juvénal akamshukuru, akakata simu, akatutazama kama mtu aliyetoka kutambua maiti.

"Mahindi," akasema. "Wamepanda mahindi."

Hakuna aliyecheka. Ungecheka wewe? Sisi ni watoto wa Burundi na Kivu. Septemba mvua ikianza watu wanaingia shambani, na ukiacha ardhi yako wazi jirani anakuja kuuliza kama unaumwa. Hata hapa Auburn, Mlebanoni wa nyumba ya pili alikuwa ameshapiga matuta nyuma ya gereji.

"Mlima mzima?" Concilie akauliza.

"Mlima mzima. Amesema nzuri ajabu."

"Wana akili, bwana. Theluji ikiyeyuka maji si yapo? Unapanda hapo hapo."

"Trekta inapandaje mteremko ule?"

"Helikopta. Hawa wanakosa nini?"

Faida akaushusha mguu wake kwenye kreti. "Basi, tuache," akasema. "Ni sawa tu."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Ile "ni sawa" yetu naijua. Nimeisikia kwenye foleni za kambi, nimeisikia kwa watu wanaopangiwa zamu ya Krismasi mwaka wa tatu mfululizo. Tunaitamka tukiwa tumeshanyang'anywa.

Nikampokonya Juvénal simu, nikapiga tena. Nikamuuliza yule kijana ni nani aliyewaruhusu kulima mahindi kwenye hifadhi ya taifa, mali ya watu wote, na kama wananchi waliulizwa. Akacheka mpaka akakohoa, akawaita wenzake, nikasikia ofisi nzima inaangua kicheko. Alipopata pumzi akanieleza pole pole, bila dharau, namshukuru. Usiku theluji inaganda. Jua likitoka linaivunjavunja, inakuwa punje kubwa kubwa kama za mahindi. Hilo ndilo jina lake majira haya, na skii inateleza juu yake laini kabisa, mpaka mchana inapogeuka uji.

Nikawatafsiria.

"Uji!" Nkatha akapiga mapaja. "Aki nyinyi! Mahindi, halafu uji. Hiyo ni theluji ama ni chakula cha asubuhi?"

Concilie alicheka mpaka mshikaki ukamdondoka. Juvénal hakucheka. "Punje za kuvunjikavunjika," akasema. "Hizo ni chenga."

Waliopita kambi za Tanzania wanajua anachosema. Chenga ni yale mahindi ya njano yaliyosagwa nusunusu, ya mgao, yanayochemka kutwa na bado yanagoma kuiva. Juvénal alikulia kambini. "Nilizila tangu sijaota meno ya pili," akasema. "Niliapa. Mimi siendeshi gari saa sita kufuata chenga."

"Juvénal, mwanangu," Faida akamwita.

"Naam, mama."

"Siku ile bamepunguza mgao, nani alikuwa wa kwanza ku foleni?"

"Mama Faida, hayo nani kakwambia?"

"Bibi yako, huyu Concilie. Ulilala pale pale na sahani."

"Na sahani ya jirani," Concilie akaongeza.

"Haukuuliza kama chenga ni nzuri. Uliuliza kama iko. Na mie nauliza ivyo tu. Barafu iko ao haiko?"

"Ipo, mama."

"Basi! Mie si wa kuchagua barafu. Baba yangu alibeba sufuria za batu mpaka kule. Sasa mie mwenye kubebwa na gari nikatae, eti iko na punje? Nipeleke. Nikianguka, nianguke juu yake."

Juvénal akainuka kwenda kutazama upepo wa matairi. "Jumamosi alfajiri," akasema kwa nyuma. "Atakayechelewa namwacha. Na Balagizi anakaa kiti cha mwisho kabisa, na hotuba zake."

Tulikwenda. Tulipita Goulburn, tukapita Cooma, nyika ya kahawia na kondoo, na kila baada ya kilima Juvénal anauliza, "Nyeupe iko wapi? Nionyesheni nyeupe." Baada ya Jindabyne ikaanza kuonekana, vipande vipande kwenye mabonde, na matope katikati yake. Alifurahi huyo! Matope yake aliyapata. Lakini tulipofika juu, kwenye mteremko wa wanafunzi, ilikuwepo imetandazwa, inameta, na Faida akainama kwa shida, akachota kiganja kizima, akaichekecha kwa vidole kama anayekagua unga sokoni.

"Kweli ni punje," akasema, akampaka Juvénal usoni.

Yale mabuti ya skii yanafunga mguu kama plasta ya mfupa uliovunjika, na goti la Faida likapata mahali pa kuegemea. Mwalimu, msichana mpole, alimshika huku, Nkatha akamshika kule. Watoto wa miaka minne wanatupita kama risasi. Juvénal yeye alianguka akiwa amesimama, kabla hata hajaanza, akadai amesukumwa. Faida akawatazama wote.

"Niacheni."

Wakamwacha. Akateleza taratibu, mikono imetanuka, mdomo wazi, urefu wa kanisa letu kutoka madhabahuni mpaka mlangoni, kisha akakaa chini kwa makalio, pwaa. Nkatha akapiga yowe. Tukakimbia, maana yake tukaanguka mmoja mmoja. Tulipomfikia alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, anapiga theluji kwa viganja viwili kama anayepiga ngoma.

"Tena," akasema. "Ninyanyueni. Tena!"

Alirudia mpaka ikawa uji.

Sasa sikiliza. Mlima unafungwa Jumatatu hii, Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku ni Oktoba, si Mei. Unajua sikukuu hiyo ilitoka wapi? Waashi wa mawe wa hapa hapa Sydney waligoma, na vuguvugu lao likadai saa nane za kazi, saa nane za kulala, na saa nane za mtu mwenyewe. Za kazi tunazitoa, tena tunaongeza. Za kulala tunaziokoteza kwenye treni. Hizi za tatu nani anazila? Nkatha ameazima basi dogo, linaondoka Jumamosi alfajiri, na Juvénal amejitolea kuendesha bila kuombwa. Hata Mzee Térence, yule mwenzetu wa kule mtaa wa St Marys, ameshapata koti la baridi. Viti vipo, theluji inayeyuka unaposoma. Weka chini karatasi hii. Mtoe mama yako kwenye kochi, mpigie Nkatha, mpigie sasa hivi.