Usingizi wa Mpika Halwa

"Shemeji! Mwiko!"

Yeslam alifumbua macho. Alikuwa amesimama vilevile, mikono yote miwili juu ya mpini, na halwa imeanza kushika chini. Hamid, kaka wa mkewe, alimnyang'anya mwiko akakoroga kwa nguvu mpaka samli ikapanda juu tena.

"Ukilala hapo utatumbukia, tukuuze pamoja na lozi," Hamid alisema, lakini hakucheka.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Mtu aliyekoroga halwa katika mtaa wa Ndia Kuu miaka ishirini, saa tatu mfululizo bila kubadilisha mguu, sasa analala mbele ya moto asubuhi kweupe kama paka. Usiku nao hapati usingizi. Huamka mara tano, mara sita, kwenda chooni. Akirudi hunywa kata tatu za maji, na maji yale humrudisha chooni. Majirani walikwisha kusema lao: jini la kike limempenda. Mejumaa, mkewe, kwanza alidhani ni mwanamke wa kawaida tu, akamnyatia siku moja mpaka mlango wa choo, akarudi na aibu yake.

Baadaye aliona kwamba bwana anakwisha. Kanzu zilimpwaya. Basi akafanya alivyofunzwa na mamake: kila baada ya sala ya isha, bilauri ya maziwa moto yenye vijiko vinne vya asali, kumtia nguvu apate kulala. Alipozidi kukonda, vijiko vikawa sita.

Adhuhuri ile, halwa ikipoa, Yeslam alikwenda kwa tabibu Amin, Mhindi mzee mwenye kijichumba cha dawa nyuma ya msikiti. Tabibu hakumshika hata mshipa. Alimpa kopo, akamtuma chooni. Kopo liliporudi aliliweka kizingitini, wakanywa kahawa wakizungumza habari za reli iliyokwisha kufika ziwani. Kahawa haijaisha, sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ufa wa ukuta mpaka ndani ya kopo.

"Watazame," tabibu alisema. "Hao hawasemi urongo. Mwili wako umejaa sukari, Sheikh Yeslam, nao wataka kuitoa. Ndiyo maana waamka usiku kucha. Na mchana walala kwa sababu ulacho hakikufai kitu."

"Na dawa?"

"Wacha sukari. Wacha asali, tende, wali. Halwa usionje. Utapata siku zaidi; ngapi, Mungu yuwajua." Tabibu akasogea karibu. "Na mkeo mwambie neno hili. Ukikujia usingizi mzito, nawe wapumua kwa nguvu, pumzi yanuka embe bivu, asikuache. Aniite mbio. Huo si usingizi."

Yeslam alirudi nyumbani amepanga maneno yake. Lakini nani angenunua tena halwa ya mtu anayeuawa na sukari? Na hilo lilikuwa dogo. Baada ya isha Mejumaa alikuja na bilauri, ameishika kwa ncha ya leso isimchome, akaketi kumtazama.

"Tabibu asemaje?"

"Asema nipumzike."

"Kwani mimi nasema nini kila siku?"

Angemwambiaje mwanamke yule kwamba miezi mitano amekuwa akimuua kijiko kwa kijiko? Alimpenda mno, na alikuwa mwoga. Alikunywa yote.

Siku ya kumi na mbili tangu aende kwa tabibu walikuwa na halwa ya harusi, sufuria mbili kubwa. Yeslam aliamka akitapika. Hata hivyo alishuka, akakoroga, akaonja kama alivyoonja kila halwa iliyotoka mikononi mwake, akasema tumbo lamuuma, akapanda juu. Saa sita Mejumaa alikwenda kumtazama, akamkuta amelala. Amelala kweli, chali, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu kama cha mtu aliyekuwa akikimbia. Alimwinamia, na machozi ya furaha yakamtoka.

"Yuwalala!" alimnong'oneza Hamid chini. "Wallahi yuwalala. Nimemwita mara mbili, hata ukope hakutikisa. Na mdomo wanukia embe. Ni nani aliyempa embe?"

"Embe za wapi? Msimu bado."

"Basi yuwaziota, maskini. Mwache aote."

Alifunga madirisha yote ya barabarani. Alimwomba muuza kahawa asigonge vikombe vyake. Kanze wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitwanga iliki, aliweka mchi chini akajifuta mikono. Watu wa harusi walipokuja kuchukua halwa yao walivua viatu mlangoni, wakabeba vikapu bila kusemezana. Mtaa mzima ulimpenda Yeslam, na mtaa mzima ulinyamaza.

Alasiri kigari cha abiria, kile cha kusukumwa kwa mikono, kilikuja juu ya vireli vyake vya barabarani, wasukumaji wawili wakipiga kelele za kutaka njia kama kawaida yao. Mejumaa alitoka mwenyewe akainua mkono.

"Tafadhalini, ndugu zangu. Kuna mtu yuwapumzika."

Wakafunga midomo, wakasukuma polepole. Mzungu aliyepanda aliwatazama watu waliosimama kimya, akatazama nyumba iliyofungwa madirisha, kisha akavua kofia yake, kama wavuavyo Wazungu jeneza lipitapo, na kuiweka magotini mpaka alipopita. Mejumaa alimwitikia kwa kichwa, akifurahi kwamba hata huyo ameelewa.