Jicho la Mama Mbele ya Dirisha Namba Nne

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama mbele ya Dirisha Namba Nne la hospitali moja hapa Songea, na anayeongea nami si karani. Karani hayupo. Linaongea dirisha lenyewe, la mbao, lenye vioo viwili na kitasa kilicholegea, na sauti yake ni ya mtu aliyechoshwa na watu tangu alfajiri.

"Anayefuata," linasema.

Anayefuata ni mimi, Gaudensi Kihwele, fundi cherehani kutoka Kilolo, Iringa. Nimemshika mkono mama yangu, Bi. Leokadia. Mama ana jicho moja tu linaloona, la kushoto. La kulia liliharibika zamani, aliporukiwa na kipande cha kuni akiwa anapasua. Sasa hilo moja lililobaki limevimba, limekuwa jekundu, linaona vivuli tu; lilianza kwenye basi la kuja huku, na leo ni siku ya tatu linatoa machozi. Tumekuja Songea kwa mdogo wangu Perpetua, aliyejifungua mtoto wa kwanza, na mpaka sasa Mama hajamwona mjukuu wake. Anampapasa tu, pua, masikio, vidole vya miguu, kisha anasema huyu ni wa kwetu.

Hayo ni ya kweli, sijayaota. Ni kweli pia kwamba jana mchana tulikataliwa hospitalini, kwa sababu bima yetu, Mfuko wa Afya Tulizana, inatambulika ndani ya wilaya yetu tu. Nililala na hasira zangu, na hapo ndipo ndoto iliponikuta.

Nesi anapita koridoni na sinia. Anamwangalia Mama, anaangalia saa ya ukutani, anasema, "Hilo jicho lisipopata dawa kabla ya saa sita mchana, linazimwa." Kisha anaenda zake. Saa ya ukutani inaonyesha saa nne na nusu.

Naweka kadi ya bima pale dirishani.

"Kadi hii iko Kilolo," linasema Dirisha.

"Iko hapo mbele yako."

"Naiona. Ila yenyewe iko Kilolo. Wewe umeibeba tu. Mgonjwa ni mwanachama?"

"Ni mtegemezi wangu."

"Mbona hajakutegemea?"

Namwangalia Mama. Amesimama wima, mkono mmoja kiunoni, kama anavyosimama siku zote.

"Kanuni ya saba," linasema Dirisha. "Mtegemezi atahudumiwa akiwa anamtegemea mwanachama."

Basi Mama analaza kichwa begani kwangu na kuniachia uzito wake wote. Kila akijinyoosha kidogo, kompyuta inazima na tunaanza upya kutoka jina la kwanza. Mama si mwepesi. Tulipofika kwenye swali la mtaa na kitongoji, bega langu lilikuwa limekufa ganzi.

"Halafu kuna tatizo la picha," linasema Dirisha.

Naitazama kadi. Ni picha ileile aliyopigwa Mama ofisi ya kata, siku ya upepo, kilemba kimemshukia upande mmoja.

"Jicho la kulia linaonekana, kwa hiyo limeandikishwa," linasema Dirisha. "La kushoto limefunikwa. Halina bima."

"La kulia halioni!"

"Lakini lina bima."

"Hebu nielewe," anasema Mama kutoka begani kwangu. "Kwa hiyo hiyo bima yenu inatibu jicho lililokufa?"

"Inatibu lililoandikishwa, Bibi. Likipata tatizo lolote, usisite kulileta. La kushoto mpaka liwe na rufaa kutoka kituo chenu cha nyumbani, Zahanati ya Ludodi. Anayefuata."

Jamani! Nageuka kwa hasira, na korido inaishia mlimani, kwetu Ludodi. Kuna ukungu na baridi, na Mama bado ameniegemea. Naelekea ilipo zahanati. Zahanati haipo. Umebaki msingi, na majani yaliyolaliwa mpaka yakawa meupe, na kibao kimechomekwa chini kwenye kijiti.

"Kinasemaje?" anauliza Mama.

Namsomea: "Nimekwenda Songea. Paa linavuja. Mtakaoumwa nisubirini. Wenu, Zahanati."

"Imeenda na nani?"

"Haijasema, Mama."

Nikatamka neno ambalo huwa silitamki mbele ya Mama. Naye, Mungu ambariki, akajifanya anakohoa.

Nageuka tena, na tuko kwenye foleni ileile ya Dirisha Namba Nne. Ila sasa mbele yetu kuna watu ishirini na wawili, kwa sababu tuliondoka. Nyuma yetu imesimama Zahanati ya Ludodi, nzima, yenye kuta zake nyeupe na mkanda wa bluu. Imekunja baraza lake isiwabane watu, na paa imelifunga kwa kamba ya katani. Inakohoa, na kila ikikohoa bati moja linagonga.

"Kamwene, Mama," inamsalimu Kihehe, kwa adabu.

"Kamwene, mwanangu. Umekonda. Nawe wanakuzungusha?"

"Tangu Jumatatu, Mama. Nimewaambia ninavuja, mvua ikinyesha wajawazito wanafungua miamvuli ndani yangu. Wakasema paa langu ni la Kilolo, nilete rufaa kutoka kituo changu cha nyumbani."

"Si ndiyo wewe mwenyewe!" nasema.

"Ndiyo mimi, Kaka Gaudensi. Nikajiandikia. Wakasema sina mamlaka ya kujipa rufaa."

"Basi tuandikie sisi. Mgonjwa huyu hapa, wewe huyu hapa, kalamu ninayo."

Zahanati inainamisha kenchi za paa lake kwa aibu. "Ningependa sana, Kaka. Ila nikishavuka mpaka wa wilaya, mimi si zahanati tena. Ni jengo tu."

Kisha ikafunga madirisha yake isituangalie usoni. Sikuweza hata kuikasirikia.

Saa tano na nusu. Foleni haisogei. Mtu wa kwanza anaambiwa alete homa yake ile ile ya mwaka jana, maana ndiyo iliyoko kwenye faili.

"Gaudensi," ananiita Mama polepole. "Mbona umebaki nusu?"

"Nusu vipi, Mama?"

"Nakuona kuanzia pua kwenda kulia. Huku kwingine giza."

 Hapo nikamwona akilini Mama amekaa kitandani kwa Perpetua, akimpapasa yule mtoto mpaka mtoto anaota ndevu, hajawahi kumwona hata siku moja. Niliogopa kweli kweli. Na mimi nikiogopa nafoka, ndivyo nilivyo.

Nikawapita watu wote ishirini na wawili, Mama begani, nikaligonga Dirisha kwa ngumi. "We! Hivi nyinyi mnataka watu waumwe wapi?"

"Mwanachama anashauriwa kuumwa akiwa ndani ya wilaya yake," linajibu Dirisha, bila hata kupandisha sauti.

"Alitoka kwake mzima!"

"Angesubiri."

"Asubiri nini? Augue kwanza ndipo apande basi?"

"Ni ushauri tu. Anayefuata."

"Hakuna anayefuata! Hatoki mtu hapa! Nitaling'oa hili dirisha nililaze chini—"

"Gaudensi, nyamaza," anasema Mama. "Unapiga kelele kama mbuzi wa mnadani. We Dirisha, hebu niambie. Kwenu wapi?"

 Nadhani tangu litiwe ukutani, hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mbao zangu ni mninga wa Namtumbo, Bibi," linasema. "Nimerandwa na kuungwa hapahapa Songea."

"Kumbe Mngoni!"

Mama akajinyoosha. Kompyuta ikazima. Hakujali.

"Ndiyo maana! Nashangaa asubuhi yote hii nasumbuliwa na nani, kumbe ni mtumwa wangu! Nyinyi si ndio mliopigwa na babu zangu mkakimbia mpaka mkasahau ngao njiani?"

Kwa asiyejua, sisi Wahehe na Wangoni wa huku Songea ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipoacha mikuki wakabakiza matusi. Mtani atakutukana hata msibani, ataingia kwako abebe jogoo unamwona, na huna pa kwenda kumshtaki.

Vioo vya Dirisha vikaanza kutetemeka. Nikadhani vinapasuka. Kumbe linacheka.

"Nani alikimbia?" linasema. "Mla mbwa mkubwa wewe! Tangu uingie geti lile, mbwa wote wa hospitali wamejifungia maabara!"

"Na wewe mninga gani unaoliwa na mchwa kama muhogo? Kitasa chenyewe kimelegea kama mdomo wa mlevi!"

"Toka dirishani kwangu, bibi kizee wa Kihehe!"

"Sitoki. Nimekuja kuchukua vyangu."

Mama akapitisha mkono ndani. Akachukua muhuri, akautia kifuani. Akachukua daftari la wagonjwa, akanipa nishike. Akachukua kikombe cha chai ya karani, akakinywa chote, akasema hakina tangawizi. Foleni nzima inapiga vigelegele. Dirisha linalalamika, "Ananimaliza! Tazameni, Mhehe ananimaliza!" lakini halifungi.

Kisha likashusha sauti. "Bibi, nimezipitia kanuni zangu zote. Mwanachama asiye na rufaa nina kanuni thelathini na moja za kumkataa. Mtani sina hata moja."

"Sasa?"

"Hilo jicho linauma?"

"Haliumi tena. Linazimika."

Dirisha likalegeza kitasa. "Ukipofuka wewe, utakujaje kuzitukana mbao zangu, nawe huzioni? Pita."

"Nipite wapi?"

"Kwangu. Mlangoni wanauliza kadi."

Likafungua vioo vyake vyote viwili. Mama ana miaka sabini na moja. Akakaza kitenge, akaweka goti pale dirishani, nami nikamsukuma kwa nyuma kwa nguvu zangu zote huku nikimwomba radhi. Tukaangukia ndani. Yule nesi wa sinia alikuwa pale anatungoja, hana hata mshangao. Akamkalisha Mama chini ya taa, akamwinua kidevu, akamdondoshea tone moja la dawa ya manjano, manjano iliyokolea, likafurika jichoni na kumtiririka shavuni mpaka taya. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika moja kutimia saa sita.

Mama akapepesa. Akanitazama muda mrefu.

"Umeota mvi, Gaudensi. Tangu lini?"

"Tangu asubuhi hii, Mama."

Nilitaka kulia, lakini Mama alikuwa ameshageuka, ananyoosha kidole nje. Zahanati ya Ludodi imesimama peke yake pale foleni, inachungulia.

"Na huyo je? Naye ni Mhehe."

Dirisha likaguna. "Jengo zima, Bibi?"

"Jengo zima, mtumwa wangu."

Zahanati ikapiga hodi, ikavuta pumzi, ikakunja kuta zake, ikaingiza paa kwanza. Ikakwama. Mama anaivuta kenchi, mimi naisukuma ukuta, Dirisha linapiga kelele kwamba linavunjwa mbavu, na mabati yanasugua mbao, kwaruu, kwaruu, kwaruu, mpaka nikaziba masikio.

Nikaamka. Saa moja asubuhi. Kwaruu lilikuwa la Perpetua, yuko uani anasugua sufuria kwa mchanga. Nikalala chali nikiangalia dari, nimechoka kama mtu aliyebeba jengo. Nikasema moyoni, ndoto tu, na leo tunarudi kule kule kufukuzwa tena.

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, mgongo ukutani, mjukuu mapajani. Mikono yake ilikuwa imetulia. Hakuwa anampapasa.

"Perpetua!" akaita. "Huyu mtoto ana kidoti nyuma ya sikio, kidogo kama mbegu ya mchicha. Mnakijua?"

Perpetua akaja na povu mikononi, akakunja lile sikio, akainama karibu kabisa.

"Jamani Mama! Kweli kipo. Nami namwogesha kila siku!"

Nikaketi. "Mama, unaona?"

"Sasa ningekijuaje? Hebu sogea, unanizibia mwanga."

"Nani amekutia dawa?"

"Dawa gani? Jana si ulikuwepo tunafukuzwa? Nimeamka nalo hivi, limepoa." Akaguna. "Ila usiku nimetukanwa, mwanangu. Sijui na nani. Nami nimemjibu vizuri."

Hapo ndipo nilipouona mto wake. Pale anapolaza shavu la kushoto kulikuwa na doa la manjano, kubwa kama kifungo cha shati. Na shavuni kwake, kutoka pembe ya jicho mpaka taya, mstari mwembamba wa manjano hiyo hiyo, umekauka.

"Hiyo manjano ya nini?" akauliza Perpetua. "Ya pilau?"

"Ya pilau," nikasema.

Nikamfuta Mama shavu kwa kitambaa chenye maji. Nikaivua foronya, nikaenda nayo uani, nikaifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, mara tatu. Doa halijatoka. Nimeianika ndani, nyuma ya mlango wa chumba, maana watu wa Tulizana wakipata habari kwamba lile jicho limepona hapa Songea, hawatauliza Bibi anaonaje. Watauliza rufaa tuliipata wapi.