Anasema Chakula ni Kitamu

Fundi wa majokofu alianza kujifunza Kihispania akiwa na miaka hamsini na tisa, kwa sababu alichoka kuongea na mke wa mwanawe kwa mdomo wa mtu mwingine. Mtu mwingine huyo alikuwa mwanawe mwenyewe, wa pekee, daktari wa meno aliyekwenda kusoma ng'ambo, akaoa huko huko na kubaki huko huko. Kila Jumapili simu ilipigwa. Mkwe alisema jambo refu, mwana akalifupisha. Fundi alisema jambo refu, mwana akalifupisha zaidi. Mjukuu, binti wa miaka miwili wakati huo, alipunga mkono kwenye kioo cha simu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Darasa lilikuwa chumba cha ghorofani, juu ya duka la fotokopi, Jumanne na Alhamisi jioni. Mwalimu alikuwa mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, aliyewahi kuwa muuguzi melini. Fundi aliingia na ovaroli yake, akakaa kiti cha mbele. Mwaka mzima alifundishwa kusalimu, kuagiza supu na kuuliza kituo cha basi kilipo, hadi siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, mimi sipandi basi la huko. Nataka kuongea na watu wangu."

"Utaongea," mwalimu alimjibu. "Ila acha kutafsiri kichwani. Sema kwa maneno uliyo nayo. Neno likikukimbia, lizunguke."

Akaanza kuyazunguka. Akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mtu, alilieleza jokofu kwa Kihispania kila anachofanya: nafungua, nasafisha, hii mbovu, hii nzima. Wenye nyumba walidhani anasali. Vokali hazikumpa taabu, zilikuwa zile zile za kwetu. Kilichomtaabisha ni kwamba neno lao la kukubali, *sí*, linasikika kama neno letu la kukataa, na kwa miezi mingi kila alipokubali jambo alijihisi anadanganya. Wakati uliopita nao ulimtoa jasho. Vitenzi vyao vikienda jana vinarudi vimebadilika sura, hutambui kipi ni kipi. Hata hivyo, mwisho wa mwaka wa pili mwalimu alimpa karatasi iliyoandikwa kiwango cha kati, ngazi ya chini. Hakumwambia mwanawe. Alitaka kuwashangaza.

Basi wakaja, mara yao ya kwanza tangu waoane miaka sita iliyopita. Fundi alikuwa ameandaa sentensi nzima ya kuwakaribisha. Pale uwanja wa ndege, mkwe, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi, alimmwagia maneno kwa kasi ambayo darasani haikuwahi kusikika. Sentensi ikayeyuka. Alichoweza kutoa ni *hola* tu, salamu ya neno moja.

Mwana akacheka. "Hiyo umeitoa wapi, baba?"

"Kwenye televisheni," fundi alisema kwa aibu, na akajinyamazia.

Siku mbili alisikiliza. Mkwe alipoongea na mumewe, hakuambulia kitu. Lakini alipoongea na mtoto, aliongea polepole: vua viatu, nawa mikono, usiguse hiyo, babu amelala. Na maneno ya kuambiwa mtoto ndiyo hasa yaliyokuwa saizi ya fundi. Sikio likaanza kufunguka.

Siku ya tatu walikuwa mezani mchana. Mtoto alikuwa chini ya meza na penseli zake. Mkwe aliweka uma chini, akamtazama fundi usoni, akaongea taratibu kama mtu aliyejiandaa tangu asubuhi. Fundi alishika neno moja, *boda*, harusi, neno ambalo hakulisahau kwa sababu siku ya kwanza kulisikia aliona pikipiki. Akashika *no quiso venir*, hukutaka kuja kwa lugha yao ya heshima, kitenzi kile kile cha jana alichokiandika mara thelathini kwenye daftari. Akashika *perdono*, nasamehe. Akaziunganisha kimoyomoyo: hukutaka kuja kwenye harusi yetu, lakini nakusamehe.

"Anasema chakula ni kitamu sana, baba," mwana alisema.

Fundi alijiambia huenda hakusikia vizuri. Kiwango cha kati, ngazi ya chini, mtu hukosea. Kwa hiyo akajaribu.

"Mwambie nashukuru. Na mwambie nilitamani sana kuwepo kwenye harusi yenu. Mpaka leo inaniuma."

Mwana alimgeukia mkewe. "*Dice que gracias*," alisema. "*Que está cansado*."

Anasema asante. Amechoka.

Fundi aliweka kijiko mezani. "*Yo no estoy cansado*," alisema.

Mimi sijachoka. Ilikuwa sentensi ya somo la nne, na hakukosea hata herufi. Mkwe aliacha kutafuna. Mwana akaiweka chini bilauri yake.

Hapo sasa fundi alitaka kufoka, na akagundua hana cha kufokea. Miaka miwili amefundishwa kuagiza supu. Hakuna aliyemfundisha kusema mwanangu ni mwongo, amenifungia nje ya nyumba yake kwa miaka sita. Ghadhabu ilikuwa imejaa kifuani, na mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba. Akalizunguka neno asilokuwa nalo.

"Mimi nataka kwenda harusi," alimwambia mkwe kwa Kihispania chake, yote katika wakati uliopo, kwa sababu jana ilikuwa imemtoroka. "Yeye anasema: hakuna harusi. Anasema: karatasi tu. Ofisi, karatasi, kwisha. Mimi nakaa nyumbani. Mimi nalia."

Mkwe alimgeukia mumewe, na maneno yaliyofuata fundi hakuyafuata wala hakuhitaji. Kwa kasi ile hata mwalimu angepitwa. Mwana alijibu mafupi, kisha mafupi zaidi, kisha akaacha kujibu, akageukia Kiswahili.

"Baba, wewe ndiye uliyesema. Nilipokwambia sirudi, naoa huku, ulisema nisikupigie tena, huna mtoto. Nilimwambia mwenzangu ulichosema. Nilimdanganya wapi?"

"Nilisema," fundi alikubali. "Nilisema jioni moja nikiwa na hasira. Asubuhi yake nikakupigia mara nne, hukupokea. Wiki ya pili ukapokea, nikakuomba radhi, nikauliza harusi lini. Ukaniambia imeshapita, mlitia saini tu. Jioni moja ni yangu, sikatai. Miaka sita ni yako."

Mkwe aliuliza mmesema nini. Mwana alifungua mdomo.

"Wewe nyamaza," fundi alimwambia. "Kazi ya ukalimani umeachishwa leo."

Akabaki yeye na mkwe wakitazamana, na likamjia jambo ambalo hakulitarajia. Sasa mkalimani ni yeye. Mkwe hajui Kiswahili hata chembe. Angeweza kumweleza kuhusu zile simu nne na miaka sita, akaiacha ile jioni ya kwanza nje, na hakuna ambaye angemsahihisha. Mwana alikuwa amenywea kiasi kwamba asingethubutu. Na hasira ilimwambia afanye hivyo. Akakuna kidevu, akatafuta neno baya alilo nalo. Alikuwa nalo moja tu, la kusemea chakula kilichoharibika.

"Mimi nasema maneno mabovu," alimwambia mkwe. "Siku moja. Kwenye simu. Nasema: wewe si mtoto wangu. Kesho mimi napiga, napiga, napiga, napiga. Yeye hapana."

"Mara nne?" mkwe aliuliza polepole, akionyesha vidole.

"Nne."

Alisukuma kiti, akaingia chini ya meza, akatoka na mtoto na penseli zake, akaenda naye nje bila kumwangalia mumewe.

Walibaki wawili, baba na mwana, na sahani zenye samaki aliyepoa. Mwana alisema alianza na hasira, kisha ikawa aibu. Wakwe zake waliambiwa hivyo hivyo, na kila mwaka uongo ulizidi kuwa mzito. "Ningeurudishaje, baba?"

"Kwa mdomo. Si ndio uliupeleka nao?"

"Nisamehe."

"Sijui," fundi alisema. "Sasa hivi nikikwambia nimekusamehe nitakuwa naongea kama wewe."

Akakusanya vyombo, akaviosha kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

Siku tano zilizobaki nyumba ilikuwa na lugha mbili na watu wazima watatu, na mmoja wao aliongea akiulizwa tu. Mkwe alikaa jikoni na fundi kila asubuhi. Alipoongea haraka fundi aliinua kiganja, naye akaanza upya. Alipokwama fundi, mkwe alisubiri. Siku moja mwana alimpa baba yake neno alilokuwa akilitafuta, nao wote wawili walimkazia macho hadi akaondoka na chai yake. Fundi alihitaji dakika kumi kulizunguka neno lile, na mkwe alimngoja dakika zote kumi.

Uwanja wa ndege alimkumbatia mkwe, akambeba mtoto, akampa mwanawe mkono.

Tangu hapo Jumapili mkwe hupiga kwa simu yake mwenyewe. Ndiye aliyewaeleza wazazi wake ukweli, mwana akiwa ameketi kando yake, na ndiye aliyesema fundi aende akawaone. Fundi bado anahudhuria darasa Jumanne na Alhamisi, na sasa hukasirika mwalimu akiruka ukurasa wowote wa wakati uliopita. Mwana akichukua simu huongea na baba yake kuhusu hali ya hewa na meno. Akiulizwa kama amemsamehe, fundi husema bado, na hasemi lini. Fomu ya viza ameshaijaza. Pale palipoulizwa atapokelewa na nani, aliandika jina la mkwe kwanza. Kisha, baada ya kukaa na kalamu kwa muda, akaandika na la mwanawe chini yake.