Siku ya Nane kwenye Ofisi ya Wageni

Laurentine alikuwa mtu wa kumi na nne kwenye benchi. Kila mtu alipoinuka, waliobaki walisogea bila kunyanyuka vizuri, wakiburuta vifurushi vyao sakafuni. Alikuwa ameondoka Musonoi kabla ya saa kumi na mbili, kwa miguu, akapita kando ya mashimo ambayo mashine zake zilikuwa zimenyamaza tangu mwezi wa kwanza. Kwenye duka la mkate bei iliyoandikwa kwa chaki ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara mbili tangu juzi, naye akapita bila kununua. Leo ilikuwa siku ya nane, na sheria ya wageni ilisema siku nane.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Mgeni anayehama nyumba, hata kwa wiki moja, hata kwa kulala tu kwa wifi yake, lazima aripoti anwani yake ya muda, na fishi yake, ile fomu ya kuhama, iwe na sahihi ya mwenye nyumba anakotoka. Asiporipoti, karte yake ya ukaazi inafutwa na anarudishwa kwao. Kwao ilikuwa Angola, ng'ambo ya Dilolo, alikotoka akiwa na miaka tisa, ameshikwa mkono na mama yake, na ambako mwaka huu wa tisini na tatu vita vilikuwa vimerudi kwa nguvu. Hakuwa na mtu kule. Alichokuwa nacho kilikuwa hapa Kolwezi: cherehani, binti wa miaka kumi na mmoja aitwaye Fidélie, na kaburi la mume, mtu wa Kapanga aliyemwoa kimila tu, kwa hiyo mbele ya serikali hakumwoa.

Kalumba, karani wa dirisha la pili, alikuwa mtu msafi. Kola yake ilipigwa pasi, kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Watu wa namna hii humtia mtu hofu kuliko wanaofoka.

"Mama, unatoka adresi gani?"

"Kasulo, Avenue Lufupa, trente et un."

"Na sasa unalala wapi?"

"Musonoi, kwa Rachelle, dada ya bwana yangu. Ni ya muda tu."

"Juu ya nini ulihama?"

Karani alijua. Mji mzima ulijua. Jumapili ya wiki iliyopita, watu wakitoka misa, vijana wenye fimbo na madumu ya petroli waliingia namba thelathini na moja, wakamwambia Tata Ntambwe, mwenye nyumba, arudi kwao Kasai, mkoa wa mababu zake. Walimpa muda wa kufunga mizigo miwili. Laurentine, mpangaji wa vyumba vya nyuma, alitoka siku hiyo hiyo na cherehani kichwani, maana vijana wale hawakuwa watu wa kukaa chini kusoma karte ya mtu.

"Mwenye nyumba alifukuzwa," alisema.

Kalumba akainua kalamu. "Hatuandikake vile. Alirudia kwabo." Akaandika hivyo, kwa mwandiko mzuri. "Fishi inakosa sinye ya mwenye nyumba. Enda kwa Stany, njo eko pale sasa. Tunafunga saa tisa. Kesho itakuwa siku ya tisa, na siku ya tisa mi siwezi kukusaidia."

Kutoka ofisini hadi Kasulo ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye haraka. Laurentine alifika jasho likimtiririka na kumkuta Stany, mmoja wa vijana wale wa fimbo, uani, shati wazi, akimpigia kelele fundi aliyekuwa akibadilisha kitasa. Kijana huyu hapo zamani aliuza tiketi za bahati nasibu mbele ya posta. Alipomwona, alichangamka kama jirani wa siku nyingi.

"Mama wa cherehani! Karibu. Ulikimbia bure, weye si mu-Kasai. Rudia mu vyumba vyako, hakuna mutu atakugusa."

"Nataka sinye tu, ya fishi."

"Kalumba alishaniambia." Akatoa karatasi mfukoni, tayari imeshapigwa taipu. Laurentine aliisoma akiwa amesimama. Ilisema kwamba yeye, mgeni mwenye karte namba fulani, alikuwa mpangaji katika kiwanja cha bwana Stany, mwenye nyumba tangu mwaka elfu moja mia tisa themanini na tisa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yake, na pembeni nafasi ya muhuri wa serikali.

Hapo ndipo alipoona mchezo wote. Shida haikuwa fishi yake. Mwenye shida alikuwa Stany, aliyeipata nyumba kwa fimbo bila karatasi hata moja ya kuonyesha kwenye ofisi ya viwanja. Na ushahidi gani ungepita ule wa mgeni, mpangaji, asiye wa upande huu wala ule, wenye muhuri wa serikali juu yake?

"Mwaka ule wa quatre-vingt-neuf ulikuwa ukikaa wapi, Stany?"

Akacheka. "Mama, usitafute mambo. Weka sinye, karte yako inakuwa muzuri, mutoto wako anaendelea na masomo."

Alikunja karatasi, akasema anakwenda kutafuta miwani, akatoka. Hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake.

Kituo cha treni kilikuwa kimegeuka mji mwingine. Watu wa Kasai walikuwa wakingojea mabehewa kwa wiki ya tatu sasa, wamejenga vibanda kwa milango, kwa mabati, kwa vitanda vilivyosimamishwa na kufunikwa vitenge. Nyuma ya ghala wanaume walikuwa wakichimba kaburi dogo, la pili tangu asubuhi, na hakuna aliyegeuza kichwa. Alimkuta Ntambwe karibu na reli, amekaa juu ya sanduku, amevaa koti la harusi ili lisiibwe. Mkewe alikuwa kwenye foleni ya maji.

Laurentine alimweleza yote kwa mkupuo mmoja. Mzee aliisoma karatasi ya Stany, akaisoma tena.

"Quatre-vingt-neuf," alisema taratibu. "Ile mwaka mi nilikuwa juu ya paa, napigilia mabati. We ulinipitishia misumari."

"Njo maana nimekuja. Unisinyie we, kwa fishi ya kweli."

"Sinye yangu haitakusaidia kitu. Weka yako kwa karatasi ya ule kijana." Hakumtazama. "Mi natoka, mama. We unabakia na mutoto. Nyumba ilishaka kwenda."

"Tata, siwezi."

"Utaweza. Unajua kitu gani kinaniuma? Mi nilizaliwaka hapa, hôpital ya kampuni, na baba yangu njo alichimba ile shimo. We uliingiaka na miguu yako, mutoto wa batu ba vita. Na leo we njo uko na karte. Mi hakuna mutu aliwazaka kunipatia karte, juu hakuna mutu aliwazaka mi ni mugeni."

Aliyasema hayo bila kumchukia, na hilo ndilo lililomwumiza Laurentine zaidi. Aliona haya, haya ya kweli, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake. Akamwekea fishi juu ya sanduku na kalamu mkononi. Ntambwe akatia sahihi, pole pole, herufi zote za jina lake.

Alirudi ofisini saa tisa kasoro dakika kumi. Benchi lilikuwa tupu na Kalumba alikuwa akifunga vifuniko vya kalamu zake.

"Ntambwe ni nani?" aliuliza, akishika fishi kwa ncha za vidole.

"Mwenye nyumba."

"Uyu mutu hana adresi. Eko mu njia. Mutu bila adresi hawezi kuwa mwenye nyumba." Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine, pacha wa ile ya Stany, akaisukuma mbele yake. "Sinye hapa, mama. Dakika moja, na unaenda na karte yako."

Laurentine alimfikiria Fidélie, ambaye muda ule alikuwa akitoka shuleni kwa masista. Mkono ulisogea kidogo juu ya meza. Hakika angeweza, kila mtu mjini alikuwa akifanya ya kwake ili apone, na nani angemlaumu? Lakini alijua kwamba karatasi hii ingeishi miaka mingi kuliko yeye.

"Sitaweka sinye kwa uongo," alisema.

Kalumba hakukasirika. Alichukua karte, akaitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. "Bien. Siku nane za kutoka mu inchi. Mpaka ile siku tutakukamatia wapi? Musonoi, kwa Rachelle?" Kalamu ilisubiri. "Anajua faini ya kulalisha mugeni bila karte?"

Rachelle alikuwa na watoto watano na mume asiyelipwa tangu Noeli.

"Hapana Musonoi," alisema. "Nilishahama. Andika gare, kule kwa treni."

"Gare haiko adresi."

"Batu elfu ngapi balilala kule? Unipatie sheria yenye inasema hapana, nitaisoma."

Karani alitazama saa ya ukutani, akatazama nafasi tupu. Sheria haikumruhusu kuiacha tupu. Akaandika: Gare ya Kolwezi. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kwa mazoea tu: "Nani anakupokea kule?"

"Tata Ntambwe."

"Nilikuambia, ule hana adresi."

"Sasa eko nayo. Umeiandika we mwenyewe."

Kalumba alilegeza ile kola safi kwa kidole. Aliandika jina, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamrushia nakala. Karte ilibaki ndani ya droo.

Laurentine alitoka nje na kushika njia ya Musonoi. Ilibidi afike kabla ya giza, amchukue Fidélie, wafunge cherehani na blanketi mbili, kisha wahamie gare.