U ya Nukta Mbili

Simu ya mwisho ya Mukiri ilikuja Jumapili ya pili ya Februari, dada yake Gatwiri akianika nguo nyuma ya nyumba za walimu mjini Meru. Mukiri alikuwa amelazwa katika hospitali moja Ujerumani, mwezi wa nane tangu aende kufanya kazi ya kuwatunza wazee. Alikuwa na homa ya mapafu, na kila maneno matatu kikohozi kilimkatiza. Aliomba Mama asiambiwe kwanza. Kisha akasema kwamba simu yake ikizima, Gatwiri amwandikie mama mwenye nyumba aliyopanga, Frau Schütz, ambaye angempasha habari.

"Anwani ya barua pepe ni jina lake tu, na mwisho wake ni kama wa anwani yangu," akasema, akaanza kulitaja herufi kwa herufi. "Hapo katikati ni ile u ya nukta mbili juu. Unaikumbuka?"

Gatwiri alisema anaikumbuka. Laini ikakatika.

Aliikumbuka kwa sikio. Surua ilikuwa imempofusha akiwa na miaka minne, na sasa alikuwa akifundisha watoto wasioona. Mukiri alipokuwa akijifunza Kijerumani katika chumba kimoja cha ghorofani karibu na soko la Gakoromone, alilala kwa Gatwiri mwaka mzima, na kila jioni walirudia masomo pamoja wakichambua mboga ya sukuma. Unatamka i huku midomo ukiifanya kama unataka kupiga mluzi. Walicheka hadi machozi. Gatwiri akakijua Kijerumani cha kuzungumza, lakini hakuwahi kukiandika.

Alikuwa na mashine ndogo ya breli yenye kutuma barua pepe, aliyopewa na kanisa. Ilikuwa na vibonye sita vya kuandikia, na chini yake mstari wa pini ndogo zinazoinuka ili asome kwa vidole. Usiku ule, simu ya Mukiri ikiwa haipatikani tena, alikaa nayo akiwaza. Katika breli, nukta mbili za juu ni herufi c, na alijua Mukiri hakumaanisha c. Alijaribu kila alichokijua. Mashine ilikuwa imewekewa Kiingereza peke yake. Mwishowe akaandika u ya kawaida, na mashine haikulalamika. Barua, kwa Kijerumani alichokiandika kwa kufuata sikio, ikaenda.

Haikurudi, kwa hiyo aliamini imefika. Siku tatu baadaye aliandika nyingine, na wiki iliyofuata ya tatu. Simu ya Mukiri ilikuwa bado imezima. Ikabidi Mama aambiwe, kule nyumbani Mikinduri. Binamu yao mmoja alienda Nairobi kuuliza katika ubalozi wa Ujerumani, akaambiwa aache maelezo, angepigiwa. Mama alikuwa akipiga simu kila asubuhi kabla ya kwenda shambani kuuliza kama yule Mjerumani amejibu, na kila asubuhi Gatwiri alisema bado. Mama akaanza kumchukia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Likizo ya Aprili, Gatwiri alienda Embu kwa mafunzo ya walimu ya siku tatu. Aliyewafundisha kuzitumia mashine hizo ni Mutegi, mwalimu wa makamo asiyeona, mpole wa sauti. Alipouliza kama kuna mwenye swali, Gatwiri alimuuliza jinsi ya kuandika u ya Kijerumani. Mutegi aliichukua mashine, akaiwekea jedwali la herufi za Kijerumani kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, akamrudishia.

"Bonyeza moja, mbili, tano, sita. Kwa pamoja."

Gatwiri akabonyeza. Chini ya kidole chake ikainuka herufi ambayo hakuwahi kuigusa.

"Hiyo ni ya barua," Mutegi akaendelea. "Lakini kwa anwani ya barua pepe, mwalimu, wengi wao hawaitumii. Wanaandika u halafu e."

Gatwiri alimwomba arudie, naye akarudia. Basi barua zake tatu zilikuwa zimeenda kwa mtu mwingine, Schutz fulani asiyehusika, ambaye labda alizifuta tu. Akaandika ya nne palepale, na ilimbidi aanze upya mara mbili.

Jibu lilifika kesho yake, wenzake wakiwa kwenye chai ya saa nne. Alilisoma peke yake darasani, mstari mmoja mmoja, akilitamka kila neno la Kijerumani mpaka alitambue. Frau Schütz aliandika kwamba Mukiri alifariki tarehe ishirini na nane Februari. Simu yake ilikuwa imeanguka wodini ikavunjika, na namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ile ya zamani ya baba yao, aliyodhani bado inatumika nyumbani. Frau Schütz aliipiga mara nyingi. Baba alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na laini yake ilikuwa imefungwa. "Nilienda kumwona kila jioni," barua ilisema. "Kila jioni aliniuliza kama dada yake ameandika. Nilimwambia bado."

Gatwiri alikisoma kifungu hicho mara nyingi. Mutegi alipoingia akamsikia bado yuko kwenye mashine, alivuta kiti akakaa kando yake mpaka wengine waliporudi.

Nyumbani Mikinduri alimwambia Mama kwamba Mukiri amefariki na amezikwa huko. Habari za zile jioni alizificha. Watu wa kanisa walikuja kuomboleza, wakakaa uani bila kujua la kufanya, maana hapakuwa na mwili wala kaburi la kuchimba. Siku ya tano, mbele yao wote, Mama alisema kwamba Mungu atamlipa yule Mjerumani aliyenyamazia barua za mwanawe. Wanawake wakaitikia amina.

Gatwiri angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine pale aliyejua Kijerumani.

"Mama, huyo mama hana kosa," akasema. "Ni mimi. Niliandika jina lake vibaya. Barua zangu hazikumfikia."

"Vibaya namna gani?"

"Herufi moja."

Kisha akasema na lile jingine: kwamba Mukiri aliuliza kila jioni. Akasikia Mama akiinuka, na kiti kikigonga ukuta. Kwa siku nane Mama hakumwambia neno zaidi ya kumwita kula.

Siku ya tisa alikuja akaketi karibu naye kitandani.

"Nionyeshe hiyo herufi," akasema.

Gatwiri aliwasha mashine, akaandika u ya kawaida, na kando yake ile nyingine. Akakishika kidole cha Mama, kigumu, kilichotiwa weusi na utomvu wa ndizi, akakipitisha juu ya pini zile. Mama alipapasa kwa muda mrefu. Akarudi mwanzo, akapapasa tena.

"Mimi naona zote ni sawa," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hata mimi ningekosea."

Gatwiri akalia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Embu. Mama hakumbembeleza, wala hakuondoa mkono wake.

Tangu hapo Gatwiri na Frau Schütz huandikiana. Mjerumani huyo ndiye huenda kwenye kaburi la Mukiri, na humweleza Gatwiri ni maua gani ameweka. Mwezi wa Julai alituma kifurushi cha vitu vya Mukiri: Biblia, viatu vya kazi, na koti zito la baridi ambalo Mukiri alilivaa msimu mmoja tu. Watu walimshauri Mama aligawe. Alikataa. Kijibaridi cha Julai kikishuka, hulivaa asubuhi akienda kukamua ng'ombe, ingawa linamfika miguuni na mikono yake imebidi ikunjwe mara mbili.