Kupe Nyuma ya Sikio la Bi Arafa

…na asimbane tumbo, hilo ndilo la kwanza, ukimbana tumbo anatapika ndani ya damu ya mtu kila ugonjwa aliotoka nao kwa mbuzi, kwa hiyo Abubakari aliteremsha kibano mpaka ncha zikagusa ngozi, pale kupe alipozamisha kichwa, nyuma ya sikio la mama wa mkewe, Mwantum, akaona mkono umetulia, akashangaa, maana miezi minne hii, tangu wamzike Mwantum, hata chai huimwaga… Bi Arafa amekaa kwenye kigoda uani, ushungi mapajani, ananung'unika kwamba kwao Kondoa wangempaka mafuta ya taa tu, kupe angejiachia mwenyewe, ila wasomi hawana budi kuchelewesha mambo, naye akamweleza taratibu kwamba mafuta humkera, akikerwa hutapika, akaeleza bila kumwita jina lolote, tangu msiba hajui amwiteje, mkwe wa nani tena, na kesho anarudi Kondoa, begi liko mlangoni, ataondoka na kile kikohozi kidogo kinachotangulia kicheko, mama na binti walikuwa nacho wote wawili, nyumba hii haitakisikia tena… avute wima, asizungushe, asikurupuke, ngozi ikainuka kidogo, na chini ya mstari wa nywele akaiona shingo ya Mwantum, kishimo kilekile alichokiona alipokuwa akimfunga mkufu asubuhi ya Idi, naye anasema unanichelewesha, Abu, huku mwenyewe hasogei… mawazo yasiende huko, kichwa cha kupe kikikatika kitabaki ndani, kisha ni sabuni na maji, na kwa wiki mbili wamwangalie homa, ikipanda aende hospitali aseme aliumwa na kupe, nani atamwangalia huko Kondoa… alikuwa amemwambia Bi Arafa wamwite jirani, Zaitun, mwanamke mwenzake, maana miaka kumi na moja hajawahi kumwona mkwe kichwa wazi, hata kwenye korido alikuwa akimpisha macho chini, na Bi Arafa akachomoa pini ya ushungi, akasema, "Zaitun wa nini? Wewe maharimu wangu. Ilikuwa hivyo tangu mlipofunga ndoa, na kufa kwake hakukuondoa kitu." Alilijua hilo, alilisoma madrasa akiwa na miaka tisa, mama wa mke, haramu kumwoa milele, akalijibu na kupata alama zote, wala hakuwaza kwamba ile milele ina mtu ndani yake, ana mvi, ananukia karafuu, kwamba talaka ingeshindwa kuikata, na kaburi nalo limeshindwa, kwamba Kondoa ni kilomita mia na hamsini na kitu tu na yeye ana haki ya kugonga mlango kule, kuulizia homa… Bi Arafa akauliza kama ametoka. Kupe alikuwa bado ameshikilia, ngozi bado imeinuka. "Bado, mama," akasema, na Bi Arafa akainamisha kichwa zaidi, kumpa mwanga.